Kiwanja cha Mama Juu ya Moshi

Watu wa kwetu walikuwa na swali moja kuhusu kazi yangu, na hawakuchoka kuliuliza kila nilipokwenda likizo: huo upepo mnaupima kwa pishi au kwa debe? Walicheka, nami nikacheka nao, ingawa moyoni niliudhika. Nilikuwa mpimaji katika kituo kidogo cha hali ya hewa nje ya mji wa Singida, mahali peupe palipotazama ziwa, na niliipenda kazi ile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Kwa saa zilizopangwa nilitoka ofisini, nikafungua kibanda cheupe cha vipimajoto, nikasoma. Nikatazama vikombe vya kupimia upepo vinavyozunguka juu ya mlingoti, kisha nikainua uso kukadiria mawingu yamefunika sehemu ngapi kati ya nane za anga. Tarakimu zikapelekwa kwa redio, mimi nikarudi kwenye chai yangu. Mwanamke kupanda mlingoti ili avitie mafuta vikombe vile lilikuwa jambo la kuwafanya watu washuke kwenye baiskeli zao kutazama.

Miaka michache baada ya Uhuru nilipelekwa kozi Dar es Salaam. Mwalimu mmoja, mgeni, mtu wa haraka haraka, alitufundisha somo la moshi wa viwanda. Alisema si lazima uwe na vyombo vya gharama ili ujue moshi utakwenda wapi na utakuwa mzito kiasi gani ukifika. Vipimo vyetu vya kila siku vinatosha: kasi ya upepo, ukali wa jua mchana, na mawingu usiku. Jua likiwa kali na upepo dhaifu, hewa inachafuka kama bahari, moshi unapanda na kutawanyika. Usiku ukiwa mweupe bila wingu, ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa nzito na kutulia, na moshi unatulia nayo. Hali hizo zilipangwa kwa herufi sita, kuanzia hewa inayochafuka sana mpaka hewa iliyolala kabisa. Ukishajua herufi ya saa hiyo, kuna mchoro wa kukuonyesha moshi utakuwa umepanuka kiasi gani kwa kila umbali. Alipomaliza alitutazama sisi tuliotoka bara akasema haya hayatatuhusu sana, maana kwetu hakuna viwanda. Nilikereka. Nililishika somo lile lote kwa hasira, nikaapa nitapata pa kulitumia.

Mama yangu alikuwa mjane. Aliishi kwenye mgongo wa kilima chenye majabali, mwendo wa lori na kisha wa miguu kutoka njia panda ya Mkiwa, katika nyumba ya tembe aliyoijenga marehemu baba. Alikuwa na pumu. Ilimjia kila kipupwe, ikakaa majuma machache, ikaondoka, na mama aliizungumzia kama mgeni asiyependwa lakini aliyezoeleka. Kule juu upepo haukosekani. Mama alipikia ndani kama wenzake wote, moshi ukatoka mlangoni na kwenye matundu ya ukuta, na mara moja ukawa umekwenda zake. Kwa hiyo hatukuwahi kumhofia sana.

Ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sitasema mengi juu yake, wengine wamesema, na mimi mwenyewe nilikuwa mtumishi wa serikali niliyevaa beji ya chama kifuani na kuamini. Watu waliokaa mbalimbali, kila mji na kilima chake, waliambiwa waje pamoja ili wapate shule, zahanati na maji. Mahali palipochaguliwa palikuwa bondeni, na sababu zilikuwa nzuri: kisima kilikuwa kimeshachimbwa, udongo ulikuwa laini, na lori liliweza kufika. Viwanja vilipimwa kwa kamba na vigingi, mistari ikanyooka, nyumba ikatazamana na nyumba. Mama alipewa kiwanja katikati, karibu na kisima, kwa heshima ya umri wake.

Nilifika likizo wakati wa kipupwe. Familia nyingi zilikuwa zimeshahamia, mama bado yuko kilimani akingoja nyumba yake mpya ijengwe. Asubuhi nikateremka kwa miguu kwenda kukiona kijiji, jua likiwa ndio kwanza linachomoza. Nilipofika ukingoni mwa bonde nikasimama. Kijiji sikukiona. Niliona moshi umelala juu ya nyumba zote, umenyooka kwa juu kama maziwa ndani ya bakuli, na kutoka ndani yake nikasikia majogoo, michi, na kikohozi cha watoto. Kilikuwa kikohozi kikavu, kinapokezana kutoka nyumba hii mpaka ile.

Nilijua ninachokiona. Ilikuwa herufi ya sita, ile ya mwisho. Anga haikuwa na wingu usiku kucha, upepo hakuna, na hewa ya baridi ilikuwa imeteremka kutoka vilimani ikajikusanya bondeni. Wapishi walikuwa wale wale wa zamani, kuni zile zile, mafiga yale yale. Tofauti ni kwamba zamani kila jiko lilikuwa na upepo wake, na sasa majiko yote yaligawana hewa moja isiyokwenda popote. Nikafikiria kifua cha mama katikati ya mstari ule, jirani na kisima, kila asubuhi ya kipupwe.

Siku zile za likizo nilizitumia kwa hesabu. Nilikuwa nimeazima kipimajoto cha mkononi, nikawa naamka alfajiri kupima baridi ya bondeni na ya begani mwa kilima. Chini kulikuwa na baridi zaidi, kila mara. Hesabu yenyewe ilinisumbua, kwa sababu kanuni ya yule mwalimu inagawanya kwa kasi ya upepo, na upepo usipokuwepo, hesabu inagoma. Kituoni kwetu tulizoea kuandika “shwari” na kuendelea na safu inayofuata. Upepo wa shwari hauna mwelekeo, kwa hiyo hauna pa kuchorwa, na ukitazama mchoro wa pepo za mwaka mzima utadhani Singida haitulii hata kidogo. Na hakuna aliyedanganya, ndivyo tulivyofundishwa. Nikachukua upepo mdogo kabisa unaoweza kusukuma vikombe, nikapiga hesabu kwa huo. Jibu lilikuwa lile ambalo macho yalishaniambia: bondeni moshi utakuwa mzito mpaka jua lipande, na begani mwa kilima, juu kidogo tu ya ule utando wa moshi, hewa ni safi.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye koti la kijeshi lisilo na vifungo, mtu mwema aliyechoka.

“Shikamoo, Mwenyekiti.”

“Marahaba, binti yangu. Upepo umeamkaje leo?”

Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana, wala hakunikejeli. Alipoelewa akakuna kidevu.

“Kwa hiyo unataka tuhamishe kijiji ambacho hakijamaliza kuhamia.”

“Hapana, mzee. Mistari inayofuata ijengwe juu, pale begani.”

“Na maji? Kina mama wapande na ndoo kichwani mpaka pale?”

Nikashusha ombi langu, nikasema basi angalau mama yangu, kwa ajili ya kifua chake. Akakubali. Alisema kwa mgonjwa hakuna atakayenung’unika, na mstari wa juu ataufikiria siku pampu ikipatikana. Nilimshukuru mpaka akaona haya, nikaondoka pale nikijiona nimeshinda. Nilipokuwa napanda kurudi kwa mama nilimkumbuka yule mwalimu wa Dar es Salaam na nikamcheka peke yangu njiani.

Kumshawishi mama hakukuwa kazi. Alinisikiliza akichambua kunde, akauliza, “Peke yangu?” Nikamwambia kijiji kiko pale chini, ukiita wanasikia. Akacheka.

“Vema. Angalau sitausikia mdomo wa mke mwenzangu.”

Lazima niseme habari za huyo mke mwenza. Baba alikuwa na wake wawili, na huyo wa pili, mama mdogo kwangu, alikuwa na nyumba yake kwenye kilima kilichotazamana na chetu. Yeye na mama hawakupatana. Waligombana juu ya mbuzi, juu ya mashamba, juu ya jinsi ya kupika mlenda, na baba alipokufa waligombana juu ya nani alilia zaidi. Mama mdogo alikuwa amepewa kiwanja bondeni. Kuwatenganisha wawili hao, nilidhani, ni faida nyingine ya ile hesabu yangu.

Nyumba ya mama ilijengwa juu, peke yake, kabla ya mvua. Nilipokwenda tena ilikuwa imekandikwa vizuri, na upepo wa mchana ulipita mlangoni kwa uhuru. Nilijisikia fahari. Lakini kipupwe kilichofuata nilipokuja nilikuta mama anakohoa kuliko nilivyowahi kumsikia katika nyumba ya zamani. Sikuelewa. Nilizunguka nyumba, nikatazama upepo, nikashuku vumbi la njia ya ng’ombe, mwisho nikaushuku ugoro aliokuwa akiunusa. Nikamkaripia mama yangu mzazi juu ya ugoro, mtu mzima yule, naye akanitazama tu na kuliweka kopo lake chini ya mkeka. “Sawa, mwanangu,” akasema. Karipio langu lile ni neno moja katika maisha yangu ambalo ningetoa chochote nilirudishe mdomoni.

Kabla kipupwe hakijaisha nililetewa habari kituoni na dereva wa lori la mazao: mama ameanguka, yuko hospitali ya hapa mjini, wamemleta wao. Nilikwenda mbio nikiwa na makoti yangu mawili ya baridi, moja mkononi, sijui kwa nini. Nilimkuta kitandani, nyonga imeumia vibaya, uso umesinyaa. Sakafuni, juu ya kanga, alikuwa ameketi mama mdogo na kikapu cha chakula.

“Shikamoo, mama. Shikamoo, mama mdogo.”

Mama akaitikia kwa sauti ndogo. Mama mdogo akaitikia, halafu hakungoja niulize, akaanza kunipasha kwa Kinyaturu, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wagonjwa wote.

Kwetu, tangu zamani, mtu akitoka nje asubuhi hutazama vilima. Moshi wa jirani ukionekana, basi ameamka salama. Usipoonekana mpaka jua limepanda, unaacha ulichoshika unakwenda kubisha hodi. Nimekua katika mazoea hayo. Nikiwa mdogo nilipolala kwa mama mdogo, nilimwona kila asubuhi akitoka, anatazama moshi wa mke mwenzake ng’ambo ya bonde, anasema kwa chuki, “Bado yupo, huyo,” ndipo anakwenda kukama. Tuliiga sauti yake na kucheka mpaka machozi. Nilipopiga hesabu za moshi kwa ajili ya mama sikulikumbuka jambo hilo hata mara moja, kwa kuwa lilikuwa la kawaida mno.

Mama hakulisahau. Kule juu, asubuhi, alitazama chini akaona utando mweupe tu. Naye alijua kwamba walio ndani ya utando hawamwoni. Moshi wake mdogo wa kuni kavu haukuweza kuonekana kwa watu waliozungukwa na moshi. Basi akaanza kuukuza. Aliweka kwenye moto matawi mabichi, samadi yenye unyevu, chochote cha kutoa moshi mweusi mzito. Alifunga mlango ili ukusanyike, kisha akaufungua utoke kwa pamoja na kupanda juu sana. Alikuwa amekaa humo ndani akipepea. Siku nyingine chini waliuona, siku nyingine hawakuuona. Katika kipupwe kile mama yangu alivuta moshi mwingi kuliko mtu yeyote wa bondeni, katika ile nyumba niliyompatia ili asiuvute.

Asubuhi ile alikuwa ametoka kukata matawi mabichi majabalini, umande bado upo, akateleza. Alilala pale akiita, na sauti yake ikapotea katika michi na majogoo. Bondeni utando ulikuwa mzito, hawakujua kama juu kuna moshi au hakuna. Mama mdogo ndiye aliyesubiri ufunguke, na ulipofunguka akaona paa halina moshi, akapanda.

“Huyu hanidai kitu,” mama mdogo alimaliza, akimwelekezea mama kidole. “Mimi ndiye niliyempelekea maji kila jioni. Nimepanda kile kilima mpaka magoti yamelegea. Nikimwambia shuka, anasema mwanangu amesema hapa pana hewa.”

Sikuwahi kuuliza maji ya mama yanafikaje kule juu. Nilimgeukia mama, naye akaushika mkono wangu.

“Hewa ya kule ilikuwa nzuri, mwanangu,” akasema. “Nzuri kweli. Sikukushukuru vizuri.”

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la hospitali, mpaka mpishi mmoja akanipa maji ya kunawa.

Mama alipopata nafuu ya kukaa kwenye kiti, nilimwambia atakuja kukaa nami mjini, mtaa wa Utemini, katika vyumba vyangu viwili vya kupanga, karibu na daktari. Akauliza asubuhi atatoka amtazame nani. Nikamwambia mimi. Akasema mimi nitakuwa kwenye mlingoti. Alikuwa ameshaamua: atakwenda kukaa kwa mama mdogo, bondeni, nyumba moja, moto mmoja. Nilimweleza tena, polepole, jinsi hewa ya kipupwe inavyolala mle, na kwamba kifua chake hakitastahimili. Sikutia chumvi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima ile ile aliyonisikiliza mara ya kwanza.

“Kifua ni changu,” akasema. “Nirudishe kwa watu.”

Nikamrudisha. Nilipanda naye lori, nikamshika asirushwe na mashimo, nikamkabidhi kwa mama mdogo mlangoni, na hata kabla sijaweka mizigo chini walikuwa wameanza kubishana juu ya upande gani wa chumba una upepo mbaya. Nilikwenda kila nilipopata ruhusa. Wakati wa mvua alikuwa mzima kabisa, alinenepa, aliketi nje na fimbo yake akiwaamrisha watoto wa watu. Sijui kama nimewahi kumwona na furaha hivyo. Nilipokuwa kituoni nilitazama anga jioni na kuomba mawingu. Nikiona nyota zote ziko wazi na vikombe vya mlingoti vimesimama, nilijua kinachoteremka bondeni, nikaandika “shwari” na mkono ukawa mzito.

Kilipokuja kipupwe kifua kilimbana. Zahanati ilikuwa haijapata dawa ya kutosha. Nilifika nikamkuta ameegemezwa kifuani pa mama mdogo, maana hakuweza tena kulala chali, na wote wawili wakiwa na mistari ya machozi ya moshi usoni. Alinitambua. Aliniuliza kama nimekula. Alikufa siku mbili baadaye, asubuhi, wakati moshi ukianza kufunguka na watu wa mlango wa pili wakiuliza kwa sauti mmeamkaje.

Tulimzika kule kilimani, kwenye mahame yetu, kando ya baba. Mwenyekiti alikuja na koti lake, akanivuta pembeni akaniambia pampu imeahidiwa, na ikifika mstari mpya utajengwa begani mwa kilima kama nilivyosema, kwa hiyo mchango wangu haukupotea. Alitaka kunifariji, nami nikamshukuru. Nilitamani anyamaze.

Watu walipoanza kuteremka, mama mdogo alibaki ameketi juu ya jabali, na mimi nikaketi karibu naye. Alikuwa amekonda. Tulitazama kwa muda ile nyumba ya peke yake iliyokuwa chini yetu kidogo, ambayo paa lake lilikwishaanza kubonyea. Nilikuwa na swali tangu hospitali, na nilikuwa naogopa jibu lake.

“Mama mdogo,” nikasema, “kama ningekuombea na wewe kiwanja pale juu, ukae jirani na mama, ungekubali?”

Hakufikiri hata kidogo.

“Ningepanda siku ile ile,” akasema. “Tungegombana kila siku, lakini ningepanda. Nilingoja mniulize.”